Mama alinishika mkono

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: “My mother caught my hand and we crossed the road.” Mwalimu alikuwa amelizungushia neno “caught” duara la wino mwekundu, juu yake akaandika “held”, akakata alama moja. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma kidato cha pili, aliniletea daftari jikoni nikiwa napepeta mchele, akalifungua mbele ya uso wangu mpaka nikaweka ungo chini.

“Shangazi, kamusi inasema ‘catch’ ni kushika. Na mama alinishika mkono. Sasa kosa langu liko wapi?”

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Kutafsiri ndiyo kazi inayonilisha, miaka inazidi 20 sasa. Lakini swali la mtoto halikuwa na hila yoyote, na kumwambia “ndivyo Waingereza wanavyosema” kungekuwa ni kumfukuza tu. Nikamwambia anisubiri.

Kamusi haikumdanganya. Hizi kamusi ndogo za wanafunzi, ukitafuta “hold”, “catch”, “grip”, “grasp”, “clutch”, “seize”, “grab”, kila mlango unaobisha hodi anakuitikia yuleyule: shika. Akichoka shika, anakuitikia nduguye kamata. Mtoto anafunga kamusi akiamini kwamba Waingereza wamerundika maneno saba mahali ambapo moja lingetosha, na kwamba ukichukua lolote kati ya hayo saba mambo yatakwenda. Hayaendi. Nimewahi kuona jinsi yasivyokwenda, na aliyeumia hakuwa mwanafunzi aliyekatwa alama moja. Nitafika huko.

Ikatokea kwamba Jumamosi hiyo tulikuwa na kuku wa kuchinja. Aliyekulia kwenye kuku wa kienyeji anajua kuwa kuku hukamatwa usiku, akiwa bandani, haoni. Sisi tulisahau, kukakucha, naye yuko uani anaparura chini ya mwembe. Nikamtuma mtoto. Alianza kwa kumnyatia. Kuku akashtuka. Zikaanza mbio: kuzunguka pipa la maji, kupita chini ya kamba ya nguo, kukatiza mbele ya jirani aliyekuwa anafua. Mara ya kwanza alibaki na manyoya mkononi. Mara ya pili kuku aliruka, mtoto akamdaka mguu mmoja akiwa hewani. Kuku akapiga mabawa, mtoto akakaza, na mwisho akamleta jikoni amembana ubavuni, mkono mmoja umeyakusanya mabawa yote mawili pale yanapoanzia, kama alivyofundishwa na bibi yake. Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka.

“Sasa niambie,” nikamwuliza. “Ulivyomshika pale hewani na unavyomshika sasa hivi, ni kitu kimoja?”

Akamtazama kuku. “Hapana. Pale alikuwa anakimbia. Sasa hivi ninaye.”

“Pale ndipo ‘catch’. Hapa ndipo ‘hold’.”

Neno “catch” limezaliwa na mbio ndani yake. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao cha kaskazini, na ndani ya Kifaransa hicho kulikuwa na kitenzi “cachier”, kuwinda, kufukuza mnyama. Kifaransa cha upande wa Paris kilikuwa na kitenzi hichohicho kwa matamshi yake, “chacier”, nacho kikavuka bahari. Waingereza wakavipokea vyote viwili wakavigawia kazi. Cha Paris kikawa “chase”, kukimbiza. Cha Wanormani kikawa “catch”, yaani kule kukimbiza kulikofikia mwisho. Kwa hiyo hilo ni neno la mpira unaopita, samaki anayeogelea, mwizi anayetoroka, basi linalong’oa nanga stendi. Kitu kilikuwa kinakwenda kwingine, kikakatiziwa njia. Sisi hapo tunadaka mpira, tunavua samaki, tunamkamata mwizi, tunaliwahi basi. Tumegawa kazi kwa namna yetu, na sidhani kama tumepungukiwa.

Ndiyo maana nilimwambia mtoto kwamba mwalimu wake alikuwa sahihi kwa nusu. Sentensi ile ni Kiingereza safi. Mwingereza anaweza kuiandika, na Mwingereza mwenzake atakayeisoma ataona mtoto aliyetaka kuchomoka kuingia barabarani na mama aliyeunyakia mkono ule katikati ya safari yake. Hicho ni kisa kimoja. Kisa cha mama aliyetembea na mwanawe mkono kwa mkono kutoka kituoni ni kingine. Mwalimu hakuuliza ni kipi. Hata mimi nilikuwa sijauliza.

Hili neno “hold” ni la nyumbani zaidi. Halikuja na Wanormani. Ni la Waingereza wenyewe tangu kale, na lina ndugu katika lugha za jamii yake. Katika Kigothi, lugha iliyokwisha kufa, ndugu yake “haldan” alikuwa na maana ya kuchunga mifugo. Nilipojua hilo nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu ghafla neno lote likafunguka. Mchungaji hamkamati ng’ombe wake kila dakika. Ng’ombe ni wake, yuko naye, kazi yake ni kumlinda asipotee na asiingie shamba la mtu. Na sisi tukisema “nishikie mtoto kidogo” hatumaanishi vidole hata kidogo. Mtoto anaweza kulala mkekani na wewe umekaa pembeni, bado umenishikia.

Kuna neno jingine ambalo watu hawaliangalii mara mbili kwa sababu ni jepesi mno: “take”. Hilo lililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia mashariki na kaskazini ya Uingereza kuanzia karne ya 9. Kabla yao Waingereza walikuwa wakisema “niman”. Wageni wakaleta “taka”, na pole pole la wageni likalisukuma la wenyeji nje ya lugha. Lakini “niman” halikuondoka lote. Limeacha watoto wachache, mmoja wao “numb”, ambaye kwa asili maana yake ni aliyechukuliwa, aliyetwaliwa. Ndilo neno wanalotumia kwa mkono uliokufa ganzi. Nasi tunasema mkono umeshikwa na ganzi. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimeutazama mkono uliolaliwa usiku kucha, zote zikaona kuna kitu kimeuchukua.

Sasa “seize”. Hili ndilo linalonisumbua zaidi kazini, kwa sababu ni neno lililotoka mahakamani likaingia mtaani, na harufu ya mahakama haijalitoka. Lilipoingia kutoka Kifaransa cha kale lilikuwa neno la sheria ya ardhi, maana yake kumweka mtu rasmi kwenye miliki yake. Ulikuwapo utaratibu kamili. Anayetoa shamba na anayepewa wanakutana palepale shambani mbele ya mashahidi, mtoaji anachimbua bonge la udongo lenye majani, au anavunja kijiti, anamkabidhi mwenzake mkononi. Udongo ukishagusa kiganja, ardhi imehama. Ulikuja kufutwa kabisa na sheria ya mali ya mwaka 1925. Kwa hiyo hata leo, polisi wa Uingereza wakikamata shehena ya dawa za kulevya, magazeti yao yanaandika “seized”. Wakimkamata mwenye shehena, wanaandika “arrested”, neno ambalo kwa asili ni kumsimamisha mtu. Mali inahamia kwenye milki ya dola. Mtu anasimamishwa tu. Magazeti yetu yanaandika “polisi wamekamata kilo kadhaa za heroini na watu wawili”, kitenzi kimoja, na hakuna anayelalamika. Lakini ukitafsiri hati ya mahakama kwa mtindo huo utaulizwa.

Nao ugonjwa wanauita “seizure” mwili unapotwaliwa na mishtuko: kifafa, degedege. Mwenye nyumba ametolewa nje kwa muda, mwingine ameingia. Mama yeyote aliyewahi kumwona mwanawe akikakamaa anajua kwamba hilo si jina baya.

Nilisema nitafika kwa aliyeumia.

Kabla sijawa mtafsiri nilikuwa mpiga chapa katika mahakama moja ya wilaya hapa Tanzania. Siku hizo shahidi alisema kwa Kiswahili, wakili akauliza kwa Kiswahili, hakimu akasikiliza kwa Kiswahili, na kalamu ya hakimu ikaandika kwa Kiingereza. Kwa mkono, palepale, huku shahidi akiendelea kusema. Nawaheshimu waliofanya kazi hiyo. Ijaribu nusu saa tu, utajua. Mimi nilipokea majalada yaliyoandikwa kwa mkono nikayapiga chapa, ili kesi ikikatiwa rufaa, jaji wa juu asome mwenendo uliochapwa.

Siku moja nilipeleka jalada ndani, nikabaki nimesimama karibu na mlango. Kizimbani alikuwapo mama mmoja muuza vitumbua, kanga mbili, mwembamba, anayeongea kwa mikono. Alikuwa akitoka sokoni magharibi, kijana akamfuata. “Akanipokonya pochi,” akasema. “Mimi nikang’ang’ania mkanda. Akavuta, nikang’ang’ania, akavuta, mpaka mkanda ukakatika nikaanguka.” Kila alipofika kwenye “nikang’ang’ania” alikunja ngumi mbili kifuani na mabega yakampanda hadi masikioni. Chumba kizima kiliona mkanda ule.

Baada ya muda jalada likafika mezani kwangu. Mwandiko ulikuwa mzuri, unasomeka bila shida. “He took my bag. I held the strap. It broke and I fell.”

Nilisoma, nikarudia. Hapakuwa na uongo. Pochi ilichukuliwa, mkanda ulishikwa, ulikatika, mama alianguka. Lakini kijana yule alikuwa amegeuka mtu aliyechukua kitu, kama unavyochukua kikombe mezani. Mama amekuwa mtu aliyeshika mkanda, kama unavyoshika mwavuli. Mvutano wote umetoka ndani ya hadithi, na mkanda umekatika kana kwamba ulikuwa umechakaa. Angeandikiwa “snatched” badala ya “took” na “clung to” badala ya “held”, wino ungekuwa uleule, muda ungekuwa uleule, na ngumi zake zingeingia kwenye jalada.

Na kwenye sheria ya jinai ngumi zile si pambo. Kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake ni wizi. Kuichukua kwa nguvu ni unyang’anyi. Kinachotenganisha makosa hayo mawili ndicho alichokuwa akikionyesha kwa mabega yake, na kati ya kosa moja na jingine kuna miaka mingi ya kifungo.

Mpiga chapa habadilishi neno. Niliyapiga yale kama yalivyo, herufi kwa herufi, nikafungua jalada lililofuata. Mpaka leo najilaumu kwamba sikuinuka hata kwenda kuuliza.

Miaka mingi baadaye, nikitafuta namna ya kutafsiri hati moja, nilikutana na kesi za Uingereza zinazohusu jambo hilohilo, nikaelewa kwamba hata wenye lugha wamewahi kusimama mahakamani kubishana juu ya mkono. Sheria yao ya Wizi ya mwaka 1968, kifungu cha 8, inasema unyang’anyi ni wizi unaoambatana na nguvu dhidi ya mtu. Sasa nguvu iliyoelekezwa kwenye kikapu, je, ni nguvu dhidi ya mtu? Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1987, mtu alikishika kikapu cha mwanamke kwa mikono miwili, akakivuta kwa kukinyonga mpaka kikamtoka mkononi. Mahakama ya Rufani ikaiacha hukumu ya unyang’anyi isimame: kuna mvutano, na mkono wa mwanamke ulikuwa upande wa pili wa mvutano huo. Mwaka 2012 ikaja kesi nyingine: mtu amechomoa sigara katikati ya vidole vya mwenzake bila kumgusa. Mahakama Kuu ikasema huo ni wizi tu, si unyang’anyi. Kwa wizi kifungo cha juu ni miaka 7. Kwa unyang’anyi ni maisha. Tofauti yote iko kwenye jinsi kitu kilivyomtoka mtu mkononi: kwa kuchomolewa au kwa kuvutwa.

Kwa Kiswahili tunayo maneno ya hayo yote. Kukwapua ni kwa haraka, kabla mwenye mali hajajua. Kupokonya kuna mikono miwili inayovutana. Kunyang’anya kuna ubabe. Kupora kuna fujo na mara nyingi kuna kundi. Kukaba kunaanzia kooni. Kibaka anayekwapua simu dirishani mwa daladala na jambazi anayekaba mtu uchochoroni si watu wa kosa moja, na hakuna mwenyeji wa Dar es Salaam atakayewachanganya. Mama yule alichagua neno lake kwa usahihi ambao mwanasheria angeuonea wivu. Lilipotelea njiani kwenda kwenye karatasi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu zote, na nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yeye kabla ya kukumbuka jambo lingine lolote.

Turudi kwenye maneno saba, limebaki moja zito: “grab”. Ni geni kidogo kuliko mengine. Liliingia mwishoni mwa karne ya 16 kutoka lugha za Waholanzi na Wajerumani wa pwani. Ndani yake kuna haraka na kukosa adabu. Anaye-“grab” hakuomba na hakusubiri zamu. Kenya neno hilo liliingia kabisa kwenye Kiingereza cha kila siku kwa sababu ya ardhi: viwanja vya shule, kingo za barabara, misitu. Mwezi Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, Nairobi, uliokuwa umemegwa kwa ajili ya majumba. Mwaka 2004 Tume ya Ndung’u ikatoa ripoti yake juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Wakenya kwa Kiswahili walikwisha kulipatia neno: kunyakua. Wanyakuzi wa ardhi. Ukilisikia, unaona mwewe akimshukia kifaranga.

Lakini serikali inapochukua ardhi yako kwa sheria, ikulipe fidia ujenge kwingine, hapo hatusemi kunyakua. Tunasema kutwaa. Tanzania tunayo Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, na neno lake limechaguliwa vizuri, kwa sababu anayetwaa ana mamlaka. Timu hutwaa ubingwa. Ayubu alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ukiweka “amenyakua” hapo umekufuru. Nimewahi kurudishiwa tafsiri ya ripoti ya wanakijiji wenye mgogoro wa ardhi, nikiambiwa neno “grabbed” ni kali mno, niweke “acquired”. Wazee wale walikuwa wamesema “walitupora”. Sikulibadilisha. Aliyetaka liwe laini alilibadilisha mwenyewe, na jina langu nikaomba liondolewe kwenye ukurasa wa mbele.

Cha ajabu, neno hilohilo kunyakua ndilo tunalolitumia kanisani kwa tumaini kubwa kuliko yote. “Tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu,” inasema barua ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4. Unyakuo. Watu wanaimba juu ya unyakuo huku machozi yakiwatoka, na Jumatatu wanakwenda kulalamika juu ya wanyakuzi wa kiwanja cha shule. Kiingereza nacho kimepita njia hiyohiyo kwa siri: neno lao la unyakuo, “rapture”, limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini “rapere”, kunyakua kwa nguvu, ambacho ndicho kilichowapa pia neno la kubaka. Mwewe, mnyang’anyi na Bwana arusi wa mbinguni wote wanakuja ghafla, na anayechukuliwa hana muda wa kufunga mlango. Lugha imekishika hicho kimoja, ikatuachia sisi tujue ni nani aliyekuja.

Kuhusu “grasp” mtoto alinielewa mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe husema “nimekudaka, shangazi” akiwa amenielewa. Ni mkono unaojifunga kikamilifu kukizunguka kitu, na ni akili inayofanya hivyohivyo. Mwalimu akisema darasa limeshika somo, ndilo hilo. Kilatini kilikwenda mbali zaidi: kutoka kitenzi kimoja cha kushika, “prehendere”, Kiingereza kimepata kuelewa, kumtia mtu mbaroni, hofu, mwanafunzi wa fundi, na jela yenyewe, “prison”. Na kutoka kitenzi chao kingine cha kutwaa, “capere”, wamepata “conceive”, ambalo ni kuwaza wazo na pia kushika mimba. Kushika mimba! Tulisema hivyo bila kuwauliza.

Watafsiri wa Biblia walikwama hapo. Mwanzo wa Injili ya Yohana, nuru inang’aa gizani, na giza lilifanya nini? Kitenzi cha Kigiriki ni kimoja, kukamata, na kinabeba kuelewa na kushinda kwa pamoja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilichagua kuelewa: giza halikuielewa nuru. Tafsiri nyingi za karne ya 20 zikachagua kushinda. Biblia yetu ya Union inasema “wala giza halikuiweza”, na mimi kila nikilisoma hilo natulia kidogo. Kutoliweza jambo ni kulishindwa kwa nguvu na kulishindwa kwa akili. Hisabati siiwezi. Mtafsiri yule, yeyote aliyekuwa, aliweka mikono yote miwili ndani ya neno moja la herufi chache. Wafilipi sura ya 2 mambo hayakwenda kirahisi hivyo: Kristo hakuona kuwa sawa na Mungu ni “robbery”, wakasema wa 1611, si kitu cha “to be grasped”, wakasema wa baadaye, si “kitu cha kushikamana nacho”, tunasema sisi. Unyang’anyi, kushika, kung’ang’ania. Mstari mmoja, mikono mitatu, na mahubiri matatu tofauti kabisa.

Nilikuwa nimesahau “clutch”, mtoto akanikumbusha: “Shangazi, hiyo si ya gari?” Ndiyo, ni klachi. Asili yake ni kukunja vidole, na kwenye gari inaunganisha nguvu ya injini na gia kisha inaiachia unapokanyaga. Lakini kwa binadamu ni neno la hofu. Mgonjwa ameshika shuka, mtoto amekamata sketi ya mama yake siku ya kwanza shuleni, abiria ameubana mkoba kifuani pale stendi. Vidole vinasema kile ambacho mdomo haujasema. Waingereza wana methali kwamba anayezama hushika hata bua la nyasi, na kitenzi chao hapo ni hicho. Sisi tunasema mfa maji hukamata maji. Hata bua hatukumpa.

Mchele ulikuwa bado kwenye ungo. Nikamwambia alete mkono.

“Nionyeshe. Mama alikushika vipi?”

Akafikiri. Ilikuwa barabara ya Kilwa, pale Mbagala Rangi Tatu, jioni, magari yanapita bila kupumua. Hakukishika kiganja changu. Alinishika juu yake, kwenye kifundo, dole gumba upande mmoja na vidole vinne upande wa pili, akakaza. Nilihisi mapigo yangu ya damu chini ya kidole chake.

“Hivi. Mpaka inauma. Na haachii mpaka tufike ng’ambo, hata nikimwambia mimi ni mkubwa.”

Hiyo ilikuwa “grip”: kushika kwa nguvu kitu ulichonacho tayari ili kisikutoke. Nikamwambia hilo tu, nikarudi kwenye mchele wangu. Aliinama mezani, akafuta, akaandika, akafuta tena. Aliponiletea, chini ya wino mwekundu kulikuwa na mstari mpya wa penseli: “My mother gripped my wrist and we crossed the road.” Pembeni, kwa herufi ndogo, ameandika kwa Kiswahili, sijui kwa ajili ya mwalimu au kwa ajili yake mwenyewe: si mkono, kifundo.